Nyasi za Pikapu ya Mjomba

Taabu yetu ilianza mwaka wa 1953, nikiwa na miaka saba. Askari wa mkoloni walimchukua baba, na hakurudi. Mama akawa anabeba makaa kutoka Ruiru hadi Thika, gunia mgongoni, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso.

Juzi mjukuu wangu alileta pikapu mpya nyumbani, na ile harufu ya rangi na mpira ikanikumbusha mchana mmoja wa miaka ile. Mjomba alikuwa ameagiza pikapu kwa Mhindi mmoja Thika, akaingoja mpaka watu wakamcheka. Ilipoingia uani ikinguruma, kuku walitawanyika, nami nikabaki mdomo wazi. Cucu, mamake mjomba, aliitemea mate ya baraka kifuani, vile alivyobariki watoto wachanga. Basi nikajua iko hai.

"Mjomba, itabeba makaa ya mama?"

"Ikiwa na nguvu, Wambui."

Nikakimbia kukata nyasi, nikairundikia mbele ya mdomo. Mjomba alicheka hadi akaketi chini. "Wee! Hii inakunywa petroli!"

Mama hakucheka. Alikuwa tayari na mzigo wake mgongoni. Aliziangalia zile nyasi, akafungua ukanda polepole, akapakia gunia nyuma, akapanda mbele. Wakaenda Thika.

Darasani sikukaa sana; biashara ya mizigo ndiyo iliyonifunza. Leo nina malori mawili, pikapu tatu, nyumba za kupangisha Makongeni, shamba Juja, na ule ukanda wa mama.