Kamera ya Mkono Wenye Mafuta

Visogo vya watu ndivyo vilivyomlisha, na visogo hivyo hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimkimbia.

Alikuwa msusi wa kuzunguka. Wateja walimwita Vidole. Alikwenda nyumba kwa nyumba na mfuko wa kitambaa wenye kitana, uzi na kopo la mafuta ya nywele, mwanawe wa miezi minane mgongoni. Alikaa nyuma ya mtu saa nne, saa tano, akigawa kichwa kwa mistari iliyonyooka kuliko nia za wengi. Kazi ikiisha, mteja hujipapasa, husema, "Umenitoa kweli dada," hufunga kitambaa, huyo! Vidole hubaki na mikono inayong'aa mafuta mpaka viwikoni. Simu yake ya kugusa ikiguswa na kidole chenye mafuta ilifungua kikokotoo, ilimpigia mama mkwe, ilifanya kila kitu isipokuwa kupiga picha. Mpaka anawe kwa sabuni na kurudi, kisogo kiko barabarani.

Jumatatu moja mwenye saluni ya kona alimsimamisha mlangoni.

"Kiti cha dirishani kiko wazi, natafuta msusi," alisema. "Niletee picha ishirini za kazi yako kabla Jumamosi haijaisha. Za nyuma, siyo za nyuso. Sura kaumba Mungu, mimi nataka kuona ulichofanya wewe."

"Na nisipoleta?"

"Yupo mwenzio ana albamu nzima."

Vidole alikitaka kiti kile mpaka kikamkosesha usingizi. Mtoto alikuwa amechoshwa na jua, na kila nyumba alishtushwa na mbwa mwingine. Pale kwenye saluni angelala pahali pamoja kama watoto wa watu. Basi aliamua kununua kamera ndogo ya kutembea nayo kila siku. Akiba ilikuwepo. Kilichokosekana ni amani, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

"Chukua yenye lenzi ndefu," alisema mumewe. "Tutapiga hata ndege."

"Ndege gani anasukwa?"

Mdogo wa mumewe ndiye aliyekuwa balaa zaidi. Walimwita Mtaalamu tangu siku alipoifungua pasi ya jirani, akaifunga, ikakubali kupata moto.

"Shemeji, kamera siyo kitunguu uchague kwa kubonyeza. Angalia megapikseli."

"Zinakaa mfukoni?"

"Zinakaa ndani ya kamera!"

"Basi hizo siyo shida yangu. Mimi nauliza kamera yenyewe inakaa mfukoni? Ina kitufe?"

"Vitufe ni vya kizamani, shemeji."

Jumanne walikwenda dukani pamoja. Mtaalamu na muuzaji waliongea juu ya kichwa chake kama watu wanaopatana bei ya mbuzi, na mbuzi yuko hapo hapo anasikiliza. Mara kwa mara alisema "kitufe", na kila mara waliitikia "ndiyo, ndiyo" wakaendelea. Alitoka na kitu chembamba, cheusi, kinachometameta, nyuma chote kioo. Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea, ila alichoka kubisha.

Jumatano alimaliza kichwa cha mwalimu mmoja, mistari ya kuzunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu. Akaitoa kamera. Akagusa. Kamera ikabadili lugha, ikaandika maneno asiyoyajua. Akagusa tena. Ikapiga picha saba za goti lake.

"Tayari?" aliuliza mwalimu.

"Subiri kidogo, mwalimu wangu."

"Nina kipindi," alisema mwalimu, na kisogo kile kizuri kikaenda zake.

Alhamisi asubuhi alirudi dukani peke yake, na mtoto mgongoni. Muuzaji alinyoosha kidole kwenye karatasi ukutani: kilichouzwa hakirudi.

"Sirudishi. Nabadilisha."

"Mama, kamera ni nzima. Tatizo ni mikono yako."

"Ndiyo. Na ndiyo mikono niliyonayo."

Akaketi kwenye benchi, akatandika kitambaa mapajani, akafungua kopo, akachota mafuta, akajipaka mpaka viwikoni kama siku ya kazi. Muuzaji alishika kichwa.

"Unafanya nini dukani kwangu?"

"Ninachagua kamera. Lete ndogo zote."

"Utazichafua!"

"Nitazifuta. Lete, kaka yangu, au nikae hapa mpaka huyu aamke na njaa. Ana sauti huyu."

Zikaletwa. Ya kwanza ilimponyoka kama sabuni, ikaangukia kitambaani. Ya pili ilikataa kufunguka. Ya tatu ilikuwa nene kidogo, ya zamani, imekwaruzwa ubavuni, ina kamba ya kuvaa mkononi na kitufe kilichoinuka kama kifungo cha koti. Akaitia kwenye mfuko wa aproni yake. Akainama kama anayesuka mtoto mdogo, akainuka, akachuchumaa. Haikumchoma wala haikuchungulia nje.

"Geuka," alimwambia muuzaji.

"Nigeuke niende wapi?"

"Nataka kisogo chako."

Aligeuka huku akinung'unika. Kitufe kikasema *ta!* Vidole akamwonyesha. Muuzaji aliisogeza picha karibu na macho.

"Hiki kijishamba hapa nini?"

"Kinyozi wako alikiruka."

"Miaka sita namlipa mtu huyu!" alisema muuzaji, na hakutaja tena ile karatasi.

Zilibaki siku mbili, na vichwa ishirini havisukwi kwa siku mbili. Vidole alirudi nyumba za wateja wa wiki zile, akiomba wafungue vitambaa. Wawili walikuwa wamefumua. Mmoja alidai kwanza anawe uso.

"Napiga kisogo, mama!"

"Hata kisogo kina heshima zake. Ngoja."

Akangoja nusu saa. Jioni ya Ijumaa, Mtaalamu aliishika kamera kwa vidole viwili. "Megapikseli kumi tu! Umeibiwa, shemeji." Vidole aliichukua, akaenda kumnyonyesha mtoto.

Jumamosi mwenye saluni alipitisha picha moja moja kwenye kamera, kitana kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Kwenye moja alisimama.

"Huyu alikaa saa ngapi?"

"Tano."

"Bila kulalamika?"

"Alilalamika sana. Hapo ndipo alipoacha."

Mwenye saluni aliendelea mpaka mwisho. "Kumi na tisa."

Vidole akajitetea haraka. "Wengine walifumua, mama. Nimezunguka mpaka..."

"Kwani nani amekuuliza? Nilishaamua kwenye ya tatu. Ishirini nilisema tu, nione kama utahangaika."

Vidole alimtazama. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka pia kumrushia kopo. Siku tano! Akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza kwenye kona yenye kivuli, akaenda kukikalia kiti cha dirishani.

Kiti kikayumba.

"Huo mguu mmoja mfupi," alisema mwenye saluni bila kugeuka. "Tafuta kitu uutegeshee. Jumatatu saa mbili uwe umefika."