Rampu Imepata Pancha, Mama Mkwe Yuko Chini

Jamani, leo nimembeba mama mkwe mgongoni. Msinicheke kwanza.

Tuko uwanja wa ndege hapa Dodoma, anakwenda Dar kutibiwa goti. Mguu haukanyagi kabisa.

Tulihakikishiwa kuna rampu, kiti cha magurudumu kinasukumwa hadi mlango wa ndege.

Rampu ipo kweli. Ila ni ya kukokotwa, na tairi lake halina upepo!

"Si umbebe tu mama yako, kaka?" mhudumu akaniambia.

Mama yangu? Huyu ni mkwe! Sisi Wagogo mkwe humgusi. Miaka tisa hajawahi kunisemesha, hata salamu zinapitia kwa mke wangu.

Wahudumu wakajaribu kumwinua na kiti chake. Ngazi nyembamba, kiti kikayumba, akapiga yowe. Wakamshusha.

Rubani akachungulia: dakika tano, anafunga mlango.

Mke wangu analia. Mimi nimegeukia uzio kama mjinga, jasho linanitoka.

Ndipo mama mkwe akamwambia mke wangu, "Mwambie huyo aje. Ila afumbe macho."

Nikafumba. Nikachuchumaa. Wakampandisha mgongoni.

Napapasa ngazi kwa mguu, naogopa hata kupumua. Nikiteleza hapa, nitaueleza nini ukoo?

Mara nikasikia sauti sikioni: "Moja."

Nikapanda.

"Mbili."

Hivyo hivyo hadi saba.

"Umefika, baba."

Miaka tisa, jamani!

Mwezi ujao anarudi. Nyie wa uwanjani, hilo tairi… msiharakishe sana.