Kidole Juu ya Mstari

Mwanangu, katika siku zote nilizopiga muziki, ninayoikumbuka kwanza ni ile siku gitaa hili la besi liliponikata mkono. Kaa hapo, ulilaze magotini, nikuhadithie. Najua fundi anakungoja Jumamosi alirudishie freti, vile vyuma vyembamba vinavyokingama shingoni. Najua pia mwalimu wenu wa kwaya amekuambia ama uje na besi yenye freti, ama uiache kabisa. Sikuja kubishana nawe. Nimechoka, na mzee akishindana na mtoto wake, hata akishinda hapati usingizi. Nisikilize tu, kisha ufanye utakavyo.

Wakati huo nilikuwa kijana wa hapa hapa Bulla Pesa, nywele zimejaa kichwani na vidole haviumi asubuhi. Gitaa hili liliachwa kwangu na mwanamuziki aliyetoka Mombasa, akapiga nasi msimu mmoja, akaenda zake. Lilikuwa limezoea hewa ya pwani yenye unyevu. Hapa Isiolo likakutana na upepo wetu, tena kiangazi kile ambacho watu wa Sericho walisogeza ngamia mpaka karibu na mji kutafuta maji. Mbao zikikauka hunywea, lakini chuma hakinywei. Basi shingo ya gitaa ikanywea, na zile freti zikatokeza ncha pembeni. Nilipotelezesha mkono kutafuta noti ya juu, kiganja kikachanika.

Mtu mwenye akili angechukua tupa akazilainisha zile ncha. Mimi nilichukua koleo. Niling'oa freti moja baada ya nyingine huku nikizitukana, na kila iliyotoka ilitoka na kibanzi cha mbao. Hasira ilipopoa nikaona nimebaki na shingo yenye mifereji mitupu, kama shamba lililolimwa na mlevi. Sikuwa na gitaa lingine. Nikajaza mifereji kwa vipande vya mbao nyeupe na gundi, nikapiga msasa mpaka ikawa laini, nikapaka vanishi. Hiyo mistari myeupe unayoiona hapo ndipo freti zilipokuwa. Nikajipongeza kweli kweli.

Kupiga nilikuwa nikipiga katika kwaya ya kanisa, kwenye ukumbi wa mabati ambao saa sita mchana ulikuwa tanuri. Aliyekuwa akitangulia kuimba alikuwa mama mmoja Mmeru, Mama Naitore, muuza mboga sokoni. Mumewe, Mzee Lokwang, alikuwa Mturkana, dereva wa lori la Merti. Mama Naitore hakujua jina la noti hata moja, wala hakutaka kuambiwa. Lakini alipofungua kinywa, hata watu waliokuwa wakipita barabarani walipunguza mwendo.

Jumamosi ya kwanza baada ya kung'oa freti tulianza wimbo, na hata ubeti mmoja haukwisha. Akainua mkono, wote tukanyamaza.

"Wewe kijana," akasema, "hiyo kitu yako inanivuta chini. Naimba hapa nikiskia kama mtu amenishika leso kutoka nyuma."

"Ni jua, Mama," nikajibu. "Hii joto inalegeza nyuzi."

"Jua ni moja. Mbona gita ya Mutwiri haijalegea?"

Mutwiri, mpiga gitaa wetu, akainama kuficha kicheko. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi siku ile nilisingizia jua mbele ya mtu aliyeshinda juani kila siku akiuza sukuma wiki.

Kosa langu lilikuwa hili, na nilikuja kuligundua peke yangu nyumbani baada ya kuhangaika sana. Kwenye besi yenye freti, kidole hukaa nyuma ya chuma. Chuma ndicho kinachopima urefu wa uzi unaolia, kwa hiyo kidole kikisogea kidogo, noti haibadiliki. Freti zikishatoka, hakuna chuma cha kukusaidia. Kidole chenyewe ndicho freti. Lazima kikae juu ya mstari, juu kabisa, si nyuma yake. Vidole vyangu vilikuwa na miaka ya kukaa nyuma, na wahenga walisema mazoea yana taabu. Kila noti niliyopiga ilikuwa chini kidogo, kidogo tu, lakini Mama Naitore aliisikia kama mtu anavyosikia jiwe kwenye wali.

Nikajifunza upya. Nilibonyeza mstari mpaka ngozi ya vidole ikawa ngumu. Nikajifunza na kulipanga gitaa lenyewe: kugusa uzi katikati bila kuubonyeza mpaka utoe ile sauti ya kengele, kisha kuubonyeza pale pale kwenye mstari, nisikie kama sauti mbili zinafanana. Zisipofanana, nasogeza kile kijidaraja cha chini kinachobeba uzi, mbele au nyuma, mpaka zifanane. Nilizishusha nyuzi karibu na mbao ili zisiniumize. Nikatupa zile nyuzi zenye mikwaruzo, kwa maana zilikuwa zinakula vanishi, nikaweka laini. Nilipomaliza, gitaa likawa linaimba. Hapo ndipo nikapata kiburi.

Maana sasa nilikuwa na mistari, na mistari haidanganyi, au nilifikiri hivyo. Nilipiga nikiwa nimeinamisha kichwa, macho kwenye shingo ya gitaa. Asubuhi nilikuwa nikituni nyuzi nyumbani, nikizikaza na kuzilegeza mpaka zikubali, nikifika ukumbini naziacha vile vile, kana kwamba ubaridi wa asubuhi na joto la mchana ni ndugu. Tukienda kupiga arusi kule Meru, kwenye baridi, shingo ilijipinda kwa namna yake, nami nikaendelea kuamini mistari yangu. Mama Naitore alinivumilia kwa muda. Halafu siku moja katikati ya mazoezi akaiacha kwaya akaja kusimama mbele yangu, karibu kabisa, akanishika kidevu kwa vidole viwili na kuninyanyua uso.

"Unaangalia nini huko chini?"

"Mistari, Mama. Ndiyo nipate mahali pa noti."

"Mimi siko kwa hiyo laini," akasema. "Mimi niko hapa. Naimba na wewe, halafu unaangalia mbao. Kama unanitafuta, nitafute kwa maskio."

Alisema polepole, bila hasira, na nafikiri hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Ningekuwa nimetukanwa ningenuna, yakaisha. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye masikio, mwanangu, huambiwa sikiliza mpaka anazeeka.

Sasa nikuambie siku iliyonifanya niliache gitaa hili hivi lilivyo mpaka leo. Mzee Lokwang alifariki. Hakufa barabarani, kama tulivyokuwa tukiogopa kila lori lilipochelewa. Alikufa kitandani kwake, baada ya ugonjwa uliomla taratibu. Tulimzika asubuhi, upepo unapeperusha vumbi mpaka machoni, na spika yangu ndogo imeungwa kwenye betri ya lori lake mwenyewe. Kwaya ilikuwa tayari kumwimbia. Wazee wakasema mjane apumzike, aimbe mwingine. Mama Naitore akakataa. Akasema hakuna mtu atakayemwimbia mume wake yeye akiwa amekaa.

Alikuwa amelia kwa siku nyingi, sauti imekwisha. Tulikuwa tumekubaliana wimbo uanzie wapi, Mutwiri amempigia noti yake, lakini alipofungua kinywa hakufika hapo. Sauti ilitokea chini, chini ya mahali pale, na haikukaa kwenye noti yoyote unayoweza kuipa jina. Ilikuwa katikati. Mutwiri akajaribu freti moja, ikawa juu yake. Akarudi freti ya nyuma, ikawa chini yake. Akajaribu tena, nikaona jasho limemtoka, mwishowe akaweka kiganja juu ya nyuzi akazinyamazisha. Kwaya nayo ikababaika, mmoja anaimba huku, mwingine kule, mpaka wote wakanyamaza. Mama Naitore akabaki anaimba peke yake kando ya kaburi, sauti inatetemeka, na kila mtu anajua kwamba ataukatiza wimbo na kukaa chini.

Nilifumba macho. Nakuambia kweli, niliogopa. Nikaweka kidole mahali nilipofikiri yuko, nikapiga kidogo sana, nikasikia niko juu. Nikakiburuta kidole nyuma, polepole, mbao laini, hakuna chuma cha kunizuia, mpaka zile sauti mbili zikaacha kugombana. Mstari uko wapi sikujua. Nilijua tu kwamba niko chini ya miguu yake. Aliposhuka nilishuka. Alipopata nguvu akapanda kidogo, nikapanda. Waimbaji wakasikia besi, wakajua pa kuingilia, wakarudi mmoja mmoja. Aliumaliza wimbo wote akiwa amesimama.

Baada ya maziko alinipita nikikunja waya. Macho yamevimba, leso imejaa vumbi. Akasimama.

"Kijana," akasema, "siku hizo zote ulikuwa wapi?"

Akajifunga leso upya, akaenda zake. Nami nimezeeka, swali hilo bado nalibeba.

Haya, sasa turudi kwako. Jumapili iliyopita nilikaa benchi la nyuma. Sikio langu la kushoto limebaki jina tu, lakini la kulia bado linafanya kazi yake. Nyimbo mbili za kwanza, mwalimu wako alisema kweli. Ulikuwa chini. Vidole vyako vinakaa nyuma ya mstari, kosa lile lile la baba yako, na kupotea njia ndiko kujua njia, kwa hiyo usilie. Uliangalia ile simu yako inayokuonyesha noti, ukatuni nje kwenye kivuli, ukaingia ndani kwenye mabati na hukutuni tena. Hayo yote yanarekebishika bila fundi.

Lakini wimbo wa tatu ni habari nyingine. Wimbo wa tatu aliutangulia mama yako.

Unajua tangu ule ugonjwa wa kifua ulipomlaza, mama yako akianza kuimba huanza vizuri, halafu akifika katikati pumzi inampungukia, sauti inateleza chini. Yeye hajui. Hakuna aliyemwambia, na ole wake atakayemwambia. Mwalimu alikaza noti zake pale kwenye kinanda, kinanda hakina namna ya kushuka katikati ya wimbo, ndiyo maana watu walianza kuangaliana. Na wewe ulikuwa umeinua uso, unamtazama mama yako. Kidole chako kikaanza kurudi nyuma. Nilikiona. Kikarudi nyuma taratibu, mpaka ukamfikia, ukakaa naye huko alikokuwa.

Mwalimu akakuambia umekosea tena. Mwanangu, hapo hukukosea. Ulikuwa umemsikia mama yako.

Kwa hiyo nasaha zangu ndizo hizi, na nikizimaliza nitajinyoosha kidogo kwa sababu mgongo unaniuma. Weka kidole juu ya mstari, usikiweke nyuma. Tuni pale utakapopigia, kwenye joto lile lile na watu wale wale, na wakitoka jasho tuni tena. Kila kiangazi likague hili gitaa, uguse zile kengele za katikati, usogeze daraja, maana mbao za Isiolo hazitulii. Jifunze mistari mpaka uijue vizuri, kisha uinue uso. Mistari ni ya kufanyia mazoezi nyumbani. Kanisani kuna watu. Na umwendee mwalimu kwa heshima, umwombe ashushe ule wimbo wa mama yako kwenye kinanda kabla haujaanza, maana hilo anaweza. Akikataa, mpigie mama yako chini chini mpaka mwisho, usimwache peke yake.

Freti ukitaka kuzirudisha, zirudishe. Gitaa ni lako sasa, mimi vidole vyangu havikunjiki tena. Utapiga sawasawa na kinanda kila Jumapili na hakuna atakayekulaumu. Ila mama yako akiteleza, utakuwa umesimama pale juu, na hutakuwa na njia ya kumshukia.

Njoo karibu nikushike kichwa. Mungu akupe masikio makubwa kuliko mikono. Akupe vidole visivyochoka mapema kama vyangu. Akupe mtu wa kukufuata siku sauti yako itakapoanza kushuka, na itashuka, mwanangu, ya kila mtu hushuka. Amina.

Haya, nenda. Mama yako ameanza kuimba kule jikoni. Mtafute.