Meno Yangu

Juzi mjukuu wangu alimng'ata mama yake alipokuwa akinyonya, nami nikakumbuka alasiri moja Misima, katika kijiji chetu cha ujamaa. Mama alikuwa ameondolewa titi kwa saratani. Baba alikwenda Korogwe kuchukua majibu ya picha ya kifua, tujue kama ugonjwa umerudi. Tulimngoja uani, penye harufu ya mihogo iliyoanikwa. Mkosaji nilimjua, ni mimi: shangazi aliwahi kusema kwamba nilipokuwa mchanga nilimng'ata Mama titi hadi akalia.

Baba akaingia akihema. "Mama Zaina, kifua ni safi!"

Mama akanifungulia mikono. Nikarudi nyuma.

"Mbona hunijii, mwanangu?"

"Nitakung'ata tena, uugue."

Akanivutia upande wenye kovu. "Meno hayaleti saratani, Zaina."

Leo najua alisema kweli. Siku ile sikumwamini. Nilifumba mdomo kwa nguvu mpaka aliponiachia.