Tairi Mpya Kwenye Kona ya Kaya

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua ya rasharasha, mjukuu wangu Zuhura, ambayo katika nyumba hii sijamhadithia mtu. Leo umeniletea hizo tairi zako mpya ndani ya boksi, ukanambia zitakaa humo humo mpaka Jumapili ya mashindano ya Diani, ili zifike mstarini zikiwa safi. Nimekusikia. Basi kaa kitako kidogo. Hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Unamjua babu yako Athumani, mtoto wa mama yangu mkubwa, yule mwenye mguu usiokunjika. Tangu utotoni umeambiwa kwamba mguu ule ulichukuliwa na wenyewe wa kaya, mizimu ya ule msitu mtakatifu wa wazee wetu, pale konani kabla ya Gazi, barabara inapopita kando ya msitu. Ndivyo wasemavyo watu wote, na ndiyo maana mpaka leo mwenye baiskeli akifika pale hushuka akaisukuma kwa mkono. Niliyewaacha wakaamini hivyo ni mimi. Mguu ule niliuvunja mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na sifa zimenijaa kichwani. Athumani alikuwa mkwezi, hakuna mnazi wa Msambweni uliomshinda, nami nilikuwa kijana wa baiskeli, siku hizo najiona sina mwenzangu. Wafanyabiashara wa Ukunda wakaandaa mashindano ya kwenda Msambweni na kurudi. Atakayeshinda angechukuliwa kwenda kukimbia na timu ya Mombasa. Mimi nilikuwa nimeshafika Mombasa kwa mawazo, hata kofia ya kuvaa huko nilishaichagua.

Siku sita kabla ya mashindano, kaka yangu akaniletea tairi mbili za mbio kutoka mjini, nyembamba, nyeusi, zinang'ara kama kiatu cha Idi. Zilikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira zitokavyo navyo kiwandani. Nikazipeleka kwa fundi Hamisi, mtengeneza baiskeli wa karibu na soko la Msambweni, nikitaka anisifu. Hakunisifu. Alipitisha kidole gumba juu ya mpira, akakitazama kidole chake, kisha akanambia:

"Hizi bado zina mafuta ya kiwandani. Zifunge leo. Zipande siku nne, mchangani na kwenye lami, na konani uzilaze kidogo kidogo mpaka mng'aro utoke. Nawe uzizoee sauti yake. Bila hivyo usiende nazo mbioni."

Nilimwitikia kwa adabu zote, kisha nikaenda zangu kufanya nilivyotaka. Nizichakaze kwa siku nne za vumbi, halafu watu wa Ukunda waone nini? Nilizifunga ndani ya leso ya kujitanda ya mama nikaziweka juu ya kabati, na kila jioni nilizifunua nikazitazama. Ukitaka kucheka cheka, hata mimi ningecheka kama mambo yangeishia hapo. Nikazivisha kwenye rimu asubuhi ya mashindano yenyewe, baada ya sala, mvua ikidondoka kidogo kidogo juu ya mabati.

Athumani naye alijiandikisha, kwa baiskeli ya kuazima. Hakutaka ushindi. Aliingia kwa ajili yangu tu, anikingie upepo mpaka Gazi, kisha arudi kwenye minazi yake. Lakini tulipoondoka Ukunda nilikuwa na haraka ya kuonekana. Nikawaacha wenzangu wote, na yeye nikamwacha. Nilipotazama nyuma mara ya mwisho, barabara ilikuwa tupu.

Ulipoanza ule msitu wa kaya, mwanga ukapungua. Unajua pale palivyo, matawi yanakutana juu. Siku zote mbega huruka na kupiga kelele mtu akipita, lakini asubuhi ile hapakuwa na mbega, wala ndege, wala mdudu. Ndipo nikasikia kitu nyuma yangu. Kilikuwa kinanong'ona, ssss, ssss, kama mtu asomaye uradi bila kufungua mdomo. Nikiongeza mwendo, kinaongeza. Nikilegeza, kinalegeza. Leo najua, mwanangu, kwamba vilikuwa ni vile vinyweleo vya tairi zangu mwenyewe, vinalamba lami iliyolowa. Kama ningezipanda zile siku nne ningeijua sauti ile kama nijuavyo kikohozi changu. Lakini sikuzipanda, nikaamini nafuatwa.

Kisha nikaitwa jina.

"Salimu."

Haikuwa sauti ya kupaza. Ilikuwa karibu, kama ya mtu aliye begani. Nawe umelelewa nilivyolelewa mimi: karibu na kaya, ukiitwa na usiyemwona, huitiki wala hugeuki mpaka uitwe mara ya tatu, kwa sababu wale wengine hawawezi kuita mara tatu. Nikaufunga mdomo. Nikaitwa tena, "Salimu," vile vile. Nikangoja ya tatu, miguu inazungusha pedali kama ya mwendawazimu, na kona inanijia kwa mwendo ambao sikuwahi kuingia nao pale hata siku ya jua kali. Ya tatu haikuja.

Katikati ya kona nikabana breki. Tairi ya mbele ikateleza kana kwamba lami imepakwa sabuni, nikaenda chini kwa ubavu. Ningali nateleza nikasikia kishindo juu yangu, na mtu akapita kichwani pangu akiwa hewani. Alikuwa Athumani. Alikuwa amejikaza mpaka akanifikia, yuko nyuma ya mgongo wangu anatafuta kupita mbele anikingie upepo kama tulivyoahidiana, nami sikugeuka. Goti lake lilipiga ukingo wa kalavati. Mlio ule sitaki kukueleza ulivyokuwa.

Watu wakaja kutoka mashambani. Bibi mmoja mwenye jembe alinishika uso akaniuliza kama nimesikia chochote. Nikamjibu, "Nimeitwa jina." Hilo lilikuwa kweli tupu, na katika maisha yangu sijasema uongo mkubwa kuliko huo. Maana mara hiyo sauti zikashuka, watu wakatazama msituni, na hakuna tena aliyetazama baiskeli yangu. Wiki ile wazee walipeleka ubani na kitambaa kayani kutuombea radhi. Nilikwenda nao. Nilisimama nyuma yao, na sikujua kama ninayemwogopa yumo mle ndani au ni mimi.

Fundi Hamisi peke yake ndiye hakudanganyika. Alikuja nyumbani, akachuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinda, akapitisha kidole gumba kwenye tairi, akakitazama.

"Salimu," akanambia taratibu, "wenyewe wa kaya wana haja gani na mguu wa mkwezi?"

Nikaiburuta baiskeli ndani, naye akaondoka. Tangu siku hiyo mpaka anakufa aliniitikia salamu, lakini baiskeli yangu hakuigusa tena.

Athumani hakupanda mnazi tena. Miaka zaidi ya thelathini amekuwa akifua nazi zilizoangushwa na wengine, ameketi kando ya rundo, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Na kila nilipomwona mtu akishuka baiskeli pale konani, ameinama kwa heshima, roho ilinisuta. Timu ya Mombasa sikuiuliza tena. Nilikwenda kufua mashuka ya wageni hotelini Diani mpaka nikastaafu.

Mwaka juzi, baada ya kumzika mama mkubwa, nilimfuata Athumani uani kwake nikamweleza. Sikuficha kitu. Tairi, leso, kabati, na ule ukimya wangu wote. Aliendelea kufua nazi. Alipomaliza ile iliyokuwa mkononi alisema, "Najua. Nilikuwa nyuma yako, tairi inang'ara mbele ya macho yangu. Nikasema moyoni, huyu hakuzipanda."

Nikamuuliza mbona hakusema miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Nililia, mwanangu, mzee mzima, mbele ya rundo la makumbi. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Lakini kuna jambo," akasema. "Mimi nilikuita mara moja tu, nilipokuwa nimeshakufikia, nikuambie upunguze. Mara ya pili pumzi sikuwa nayo."

Sikumuuliza zaidi, na hatujalizungumza tena.

Mimi sijui aliyeniita mara ile nyingine, wala sitajua. Ninachojua ni kwamba, awe nani, hakuziweka yeye tairi zile juu ya kabati. Basi toa hizo zako kwenye boksi sasa hivi, bado kuna mwanga. Zifunge, uzipande kila siku mpaka Jumapili, mchangani na kwenye lami, mpaka mng'aro wote utoke. Konani ulale kidogo kidogo. Ukisikia mlio usiokuwa na mwenyewe, simama utazame magurudumu yako kwanza. Anayekimbia nyuma yako umjue ni nani. Na ikitokea ukamwangusha mwenzio, liseme siku hiyo hiyo, kabla watu hawajakutafutia wa kumsingizia, maana watamtafuta, nawe utajiona umepata nafuu.

Mwenyezi Mungu akuongoze njiani, mwanangu, akupe mikono mitulivu na ulimi wa kweli. Akurudishe kwetu na miguu yako yote miwili, na ya wenzio wote utakaokimbia nao. Haya, nenda kwanza kwa babu yako Athumani ukamwonyeshe hizo tairi, umwambie mimi ndiye niliyekutuma.