Mate Juu ya Santuri

Harufu ndiyo hutangulia. Unafungua katoni ya santuri za zamani, na kabla hujaona chochote pua imeshajua: mkojo wa panya, ukungu, moshi wa kuni, na kitu fulani kitamu kilichooza ambacho hadi leo sijakipatia jina. Halafu mende wanatoka mbio wakikupanda mkononi. Majalada mawili yakiwa yamegandana kwa unyevu, unayabandua polepole, na katikati yake unakuta vifuko vya mayai, vya rangi ya kahawia, vimekauka kama maharage madogo. Watu wanaonunua santuri hizi mtandaoni, huko Ulaya na Japani, hatua hii hawaioni. Wanachoona ni picha na daraja.

Daraja nilikuwa nikiliweka mimi. Nilikuwa nimetunza chumba cha santuri cha redio moja hapa Arua, karibu na mpaka wa Kongo, mpaka muziki wote ukahamishiwa kwenye kompyuta nikaambiwa asante. Mfanyabiashara mmoja, muuza viatu vya mtumba, akasikia kwamba kuna wazungu wanaotafuta santuri za Kongo na Sudani za enzi zile, akaacha viatu. Kutafuta mali alikujua sana. Kusikiliza hakukujua hata kidogo, akanichukua nisikilize kwa niaba yake.

Kazi yenyewe inaelezeka. Santuri unaishika ukingoni, unaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha na kuizungusha polepole. Mkwaruzo unaoonekana kwa macho tu ni jambo moja. Ule ambao ukucha unakwama ukiupitia ni jambo jingine kabisa. Baada ya hapo unaipiga, upande huu hadi mwisho na upande ule hadi mwisho, unaandika inapopasua sauti na inapokwama. Jalada hupewa daraja lake peke yake. Juu kabisa kuna "mpya", chini yake "karibu mpya", kisha "nzuri sana", na huko chini kabisa, karibu na jalala, ndiko kunakokaa "nzuri". Santuri ikiitwa nzuri katika biashara hii, ujue imetukanwa.

Bosi wangu alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Alitema mate.

Sisemi hivyo kwa mfano. Alikuwa akiiokota santuri, anakusanya mate mdomoni kwa sauti ya mtu anayetaka kukohoa, anatema katikati ya mistari, kisha anasugua kwa kidole gumba kwa kuzunguka. Vumbi likitoka, husema, "Unaona? Iko sawa." Pengine alikuwa amekula karanga, na chembe nyeupe zilibaki kwenye mifereji. Akishasugua alinikabidhi mimi, bado ina unyevu na uvuguvugu. Chai ya saa nne nilikuwa nikiiacha ipoe.

Kwa ajili ya picha alikuwa na dawa nyingine: mafuta ya kupaka watoto wachanga. Alizipaka zile zilizochakaa mpaka zikang'aa kama kipara, akazipiga picha, na juu ya daraja nililoandika mimi akaongeza madaraja mawili. Mnunuzi mmoja alituma picha ya sindano ya gramafoni yake. Ncha yote ilikuwa imefunikwa na donge la kijivu lenye utelezi, kama nta iliyochokonolewa sikioni. Chini yake aliandika sentensi moja tu, akiuliza kama sisi ni watu.

Nikampelekea bosi simu aone. "Bosi, hii kitu iko aibu," nilimwambia kwa Kiswahili chetu cha mitaani, ambacho "na" moja hutosha kwa mimi, wewe na yeye. "Hii mafuta naharibu mashini ya watu."

Akacheka. "Sista, mzungu nanunua picha. Wewe iko na masikio, mimi iko na biashara."

Mwaka jana, mvua zilipoanza, alipata habari za nyumba moja Koboko yenye santuri nyingi. Mwenye santuri alikuwa amefariki, amebaki mjane. Siku zote mimi nilikuwa nikibaki dukani na gramafoni, lakini safari hii akataka twende pamoja. Sababu yake aliitoa tukiwa tumeshaondoka mjini, ndani ya pikapu.

"Tukifika, mimi nitauliza wewe mbele ya ule mama. Wewe nasema zote iko mbovu. Wewe natoka redio, ataamini."

"Na kama iko mazuri?"

"Kama iko mazuri, hiyo ndiyo siku ya kusema mbovu."

Nilitazama mihogo iliyoanikwa kando ya lami na kujisikia kama mtu aliyetumwa kushika miguu ya kuku wakati mwingine anachinja.

Mjane alikuwa mama Mnubi wa rika la bibi yangu, mwembamba, mwenye ushungi wa njano na uso usiopoteza muda. Ua wake ulikuwa umefagiliwa hadi unaogopa kuukanyaga. Ukutani kulikuwa na vitanga vya ukindu vya rangi rangi, na ndani kulinukia udi. Nilimwamkia kwa kumwita Haboba, kama tunavyowaita bibi kwa Kinubi. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Wewe mutoto wa nani?"

Nikamtajia bibi yangu. Alimjua. Wakati huo bosi alikuwa ameshaingia ndani na viatu miguuni.

Santuri zilikuwa kwenye sanduku la bati la kijeshi, zimefungwa kwa shuka. Nilipofunua shuka niliziba pua kwa mazoea, lakini haikuwa lazima. Palikuwa na vumbi na harufu ya bati, basi. Hakukuwa na mende wala panya. Majalada yalikuwa yamechanika pembe, ila santuri zenyewe zilikuwa nyeusi zile za kujitazama uso.

"Mzee alipenda sana muziki," nikasema.

Haboba akatoa sauti ya dharau. "Mzee? Mzee alisumbua mimi na hii kitu. Wakati ya vita, sisi natoka hapa, napita Kuluba, pale mpakani, naenda Kongo kwa miguu. Mimi iko na mutoto mgongoni, mwingine kwa mkono. Mimi nasema, bwana, beba unga. Yeye nabeba sanduku. Watoto nalia njaa, yeye nabeba muziki! Kule kambi ya wakimbizi hakuna hata gramafoni. Mimi nilichukia hii sanduku mpaka leo. Ndiyo maana nataka uza."

Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa unanyoosha mikunjo ya ile shuka.

Bosi alichuchumaa kando ya sanduku. Alitoa santuri ya juu, akaigeuza huku na huku, na kabla sijasema neno nikasikia ile sauti ya koo. Akatema. Mate yalianguka kwenye mistari, mazito, yakianza kuteremka kuelekea kwenye lebo. Akabandika kidole gumba.

Nilimtazama Haboba. Midomo yake ilikuwa imekunjamana kama aliyeuma kitu kichungu.

"Wewe," akasema polepole, "natemea kitu ya maiti yangu?"

"Mama, mimi nasafisha tu. Hii iko takataka ya zamani." Bosi aliendelea kusugua, hakuinua hata macho. Kisha akanigeukia. "Ama namna gani, sista? Ambia mama. Hii iko daraja gani?"

Niliinama, nikaitoa santuri mikononi mwake kwa ncha za vidole, nikaifuta kwa leso yangu niliyojua sitaitumia tena, nikaiweka kwenye gramafoni ndogo ya betri niliyokuja nayo. Gitaa likatoka safi, na sauti ya mwimbaji ikaja bila mpasuko hata mmoja, kana kwamba mtu amesimama mlangoni. Tuliisikiliza mpaka mwisho.

"Haboba," nikasema, "hii iko karibu mpya. Na zingine, kwa macho, naona iko namna hiyo hiyo. Mutu akisema iko takataka, yeye nadanganya wewe."

Bosi alisimama kwa haraka hata goti lake likagonga sanduku. "Wewe nakula kwa nani?" akanifokea. "Kwa mimi ama kwa huyu?"

"Toka," Haboba akamwambia.

"Mama, tuongee bei."

"Hakuna bei. Mimi nilichukia hii kitu miaka yote, lakini mate sikutema. Toka na viatu yako."

Alitoka. Alikaa kwenye pikapu akipiga honi ili nimfuate. Honi ilikuwa ndefu, ya kutukana, mpaka majirani wakachungulia. Haboba aliniuliza kama najua kuosha vile vitu. Nikasema najua. Akaenda kuchemsha maji, mimi nikabaki nimekaa kwenye mkeka nikisikia honi, na nilipotambua kwamba imenyamaza, pikapu ilikuwa imeshaondoka na chakula changu cha safari ndani.

Tuliziosha pamoja alasiri ile. Maji yaliyochemshwa na kupoa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kinachofuata mistari bila kuikata, na lebo usiiloweshe. Nilimwonyesha mara moja tu, akashika. Tulizisimamisha kivulini kwenye shuka safi. Ile iliyotemewa aliiosha yeye mwenyewe, akaisuuza, akairudia, akaisuuza tena, huku akisonya. Alipomaliza akawasha udi kwenye kigae na kuipitisha kwenye moshi, halafu akazipitisha na nyingine zote.

"Haboba, udi si lazima," nilimwambia.

"Kwako si lazima."

Nilirudi Arua kesho yake, nikaenda dukani kuchukua gramafoni yangu kubwa. Bosi alikuwa akizipaka santuri mafuta. Nilibeba gramafoni yangu nikatoka bila kuaga. Nilichosikitikia ni kwamba santuri zilizobaki rafuni zingeenda kwa watu zikiwa na daraja lililoanza kwenye mwandiko wangu. Sikuwa na la kufanya nalo, isipokuwa kumwandikia yule mnunuzi wa sindano na kumweleza zile alizonunua zilikuwa zimepakwa nini, na jinsi ya kuzitoa mafuta.

Haboba aliamua kuuza hata hivyo. Sikumshawishi. Alisema sanduku limekaa nyumbani kwake muda wa kutosha na bati lake linafaa kuwekea unga. Nilizipiga picha dirishani bila kitu chochote juu yake, nikaandika kila mkwaruzo, kila pembe iliyochanika. Yule wa sindano alinunua kadhaa. Ziliondoka moja moja, na malalamiko hayakuja mpaka ya mtu mmoja, wa mbali sana, aliyerudisha santuri yake. Alikubali kwamba sauti haina kasoro. Alichosema ni kwamba inanuka vibaya, kama kanisa la zamani, hawezi kukaa nayo chumba kimoja.

Niliipeleka Koboko mwenyewe, maana ilikuwa ya kwake bado. Nilimsomea maneno ya mnunuzi, nikiyatafsiri taratibu. Haboba aliichukua, akaipeleka puani, akavuta pumzi ndefu.

"Inanuka?" akauliza. "Udi yangu nanuka?"

"Ndivyo yeye nasema, Haboba."

Alikunja uso kwa kinyaa ambacho sikuwahi kukiona hata siku ile ya bosi. Aliiweka kando, akanawa mikono kwenye birika, akanikaribisha chakula. Tulikula enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, na samaki wa kukausha mpaka jua likapungua, na mara kwa mara alikuwa akiacha kutafuna, akitikisa kichwa, akisema peke yake, "Watu wachafu, wallahi. Watu wachafu sana."