Vichupa Viwili vya Damu

Maabara nzima ilimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa amepima damu za watu kwa miaka kumi na tisa, na mchezo wake ulikuwa kumtazama mtu tumbo, kukisia LDL yake, kisha kungoja mashine imuunge mkono.

Kueleza alijua, hilo tusimnyime. LDL si sumu, alikuwa akisema. Ndiyo inayobeba kolesteroli kutoka kwenye ini na kuipeleka kwenye seli, nazo huitumia kujengea kuta zake. Balaa huja ikizidi, ikajipenyeza kwenye mishipa na kuiziba kidogo kidogo, mwenyewe hana habari.

Siku wafanyakazi walipopimwa, alitia mashineni damu yake na ya mama wa usafi, mwanamke mnene aliyezoea kumtania kila asubuhi. Majibu yakatoka: ya mama safi kabisa, yake yamepita kiasi mara mbili. Sindano akacheka. Vichupa vimebadilishana, akajisemea, na badala ya kupima upya akageuza majina. Kosa kama hilo angelifanya mwanafunzi, angemfukuza.

"Mama, damu yako imejaa mafuta," alimwambia. "Shika adabu mezani."

Miezi mitatu baadaye mama alirudi kupimwa, gauni likimpwaya. Majibu yalikuwa mazuri kama yale ya mwanzo aliyojiandikia Sindano.  Sindano akajitoa damu mwenyewe, akapima mara mbili, na mara zote mbili namba ikawa ileile ya kutisha. Ndipo alipomkumbuka kaka yake, mwembamba vilevile, aliyeanguka kazini na kufariki akiwa na miaka arobaini na moja. Kumbe maini ya ukoo wao hayakuwa hodari kuiondoa LDL kwenye damu.

Angeweza kunyamaza. Mama angejisifu kwa kujinyima, naye angeanza dawa zake kimyakimya. Alikuwa bado ameishika karatasi ya majibu yake mama alipoingia na ndoo.

"Nakuombea kila siku, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyeniokoa."

Sindano akamnyooshea ile karatasi. "Mama, yale majibu mabaya yalikuwa yangu. Nilitazama mwili wako, nikakuandikia wewe."

Mama alilikamua dekio mpaka tone la mwisho.

"Nilishawagawia wanangu vyombo vyangu, nikijua nakufa," alisema.

Akadeki taratibu mpaka kwenye kiti cha Sindano.

"Inua miguu."

Sindano akainua.